Kanda ya Mapishi Yetu

Binti yangu wa mwisho ndiye anayeshughulikia matangazo siku hizi. Anaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaiegemeza kwenye tofali, halafu ananiagiza nikoroge pilau kama kawaida na nisiangalie simu. Jioni video inakuwa imeshaingia mtandaoni, na kesho yake watu nisiowajua wanapiga kuuliza kama Jumamosi fulani tuna nafasi. Sielewi inavyokwenda na sijisumbui kuelewa. Ila akimaliza namwambia anionyeshe yote, mwanzo hadi mwisho, na swali langu ni lile lile: "Mchinjaji yuko wapi?" Anacheka. "Mama, hii ni ya sekunde thelathini!" Najua. Mimi niliwahi kutoa kanda ya dakika ishirini nzima na bado hakuwemo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, na nilidhani nitastaafia kwenye kiti kile. Madukani vitu vilikuwa vimerudi, sabuni za kila rangi, vitenge vya kila nchi, lakini serikali ilianza kupunguza wafanyakazi, na sisi tuliozoea kusubiri mwisho wa mwezi tukaambiwa tujiajiri. Barua yangu ya kupunguzwa niliipiga taipu mimi mwenyewe, pamoja na za wenzangu kumi na wawili. Sikukosea hata herufi moja. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Nkuhungu, nikakaa miezi mitatu nikifokea watoto, nikifokea kuku, nikimfokea mume wangu ambaye kazi yake ya kutunza stoo ilibaki, kana kwamba yeye ndiye aliyenipunguza.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mwanamke wa Kondoa. Mume wake alikuwa dereva wa lori, haonekani nyumbani wiki tatu kati ya nne, na yeye alikuwa anapika kwenye shughuli za watu tangu kabla mimi sijahamia mtaa ule: harusi, maulidi, hitima, chochote chenye sufuria kubwa. Siku moja alisimama mlangoni kwangu, hakuketi, akasema, "Dada, wewe una mdomo, mimi nina mkono. Huo mdomo unauharibia kwa kuku. Njoo tufanye kazi." Nikaenda. Nilimwita mwenzangu kuanzia wiki ile na sijawahi kumwita vingine.

Kazi ilikuwepo. Dodoma ilikuwa imejaa watu wa ofisi kutoka kila mkoa, watumishi wa Bunge, walimu, wanafunzi wa vyuo, na wote walikuwa wanaoana. Mlutheri wa Moshi anamwoa Mwanglikana wa Mpwapwa, ukumbini wamekaa Waislamu wa Kondoa na Singida, na wote ni majirani au wanafanya kazi korido moja. Kwa hiyo jambo la nani anachinja halikuwa la kujadiliwa. Anachinja Mwislamu, hata kama sherehe ni ya ubarikio wa mtoto wa mchungaji, ili kila anayekuja ale bila kuuliza. Ndivyo nilivyokuta hata kwetu Mvumi nilikozaliwa, na kule kengele ya kanisa ndiyo saa yetu. Hakuna aliyetufundisha, tulikua tukaona ni hivyo.

Mchinjaji wetu alikuwa mjomba wa mwenzangu. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, anauza asali ya Kondoa sokoni kipindi cha kiangazi, na mvua zikianza anarudi kwao milimani kulima. Mimi pia nilimwita mjomba. Kila akiniona alinisalimu "Mbukwa!" kwa lugha yangu, kabla sijamwahi kwa shikamoo, na alifurahi sana kunishinda mbio hizo. Alikuwa na jambo moja tu ambalo halikubadilika: picha hataki. Watu wakipanga mistari kwenye harusi ili wapigwe picha, yeye anatoka anakwenda kusimama barabarani. Hakumhubiria mtu. Alisema tu kwamba yeye na mashine hizo hawajuani.

Tulifanya kazi hivyo miaka mitano. Halafu wakaja akina mama wa aina mpya, wenye vyombo vya chuma vinavyong'aa, vyenye moto chini yake, na wahudumu waliovaa shati jeupe na tai. Kamati za harusi ziliwapenda mno. Tulikwenda kujieleza kwenye kamati moja, mimi nikazungumza kama nilivyojaliwa, na mwenyekiti akaniuliza, "Mama, mna chochote cha kutuonyesha?" Nikamwambia waonje siku hiyo hiyo, naleta bakuli. Akasema wenzetu wameleta albamu ya picha. Nilitoka pale nimevimba.

Fundi mmoja aliyekuwa anatengeneza redio, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amenunua kamera ya kubeba begani na kuanza kurekodi harusi. Tulikuwa tunakutana naye ukumbini kila mara, yeye na waya zake, sisi na masufuria yetu. Nilipomlalamikia, akasema, "Wao wana albamu? Nyinyi toeni kanda. Nitawachukua tangu asubuhi mnapoosha mchele hadi watu wanapojilamba vidole. Kamati ikae itazame kwenye deki ya video kama sinema." Wazo lile lilinilevya. Mwenzangu alisita. Aliniuliza, "Chakula ni cha kutazama?" Nikamwambia ulimwengu umebadilika, asipende kubaki nyuma. Akanyanyua mabega, akasema sawa, mimi ndiye mwenye mdomo.

Tulirekodi kwenye harusi ya jirani, hapo hapo mtaani. Fundi alifika saa kumi na mbili asubuhi. Akachukua maji yakichemka, akachukua mikono ya mwenzangu ikichambua mchele, ikikata vitunguu bila yeye kuviangalia. Akachukua mbuzi wanne waliofungwa chini ya mwarobaini wakilia. Hapo mjomba akaingia uani, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa cheupe.

"Mbukwa!" akaniambia. Kisha akaiona kamera. "Bwana fundi, nikianza kazi yangu, hiyo uizime."

"Haina shida, mzee," fundi akasema, na aliizima kweli. Aliiweka chini juu ya gunia, akageuza hata uso, kwa heshima. Mjomba akasema Bismillahi, akafanya kazi yake kwa mbuzi mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kelele, kama alivyofanya siku zote. Alipomaliza alinawa, akamkabidhi mume wangu kile kisu aanze kuchuna kwa sababu visu vyetu vilikuwa butu, akaenda zake kuswali.

Mume wangu, ukiacha kazi yake ya stoo, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisani. Mji mzima ulimjua, maana kwaya yake iliimba kwenye kila msiba na kila sherehe ya kitaifa, na yeye ndiye yule bwana mnene anayesimama mbele akipunga mikono. Wala hakuna kamera aliyowahi kuikimbia. "Haya, sasa washa," akamwambia fundi.

Kwa hiyo kanda ilikuwa hivi: mbuzi wanne wanalia chini ya mwarobaini. Halafu mwalimu wa kwaya ameinama, kisu mkononi, damu hadi kwenye viwiko, anacheka meno yote nje.

Niliitazama labda mara kumi kabla ya kuitoa. Sikuona kasoro. Fundi aliweka muziki wa taratibu mwanzoni, akaandika kwa herufi za njano kwamba sisi ni wapishi wa shughuli zote, na mwishoni kulikuwa na watoto wanaogombania mifupa. Niliipenda hadi nikaona haya. Mimi nilikuwepo siku ile, nilijua kilichotokea kati ya mbuzi na mume wangu, na kila nilipotazama kichwa changu kilijaza chenyewe pale palipokatika. Mwenzangu hakuitazama. Kila nilipomwita alikuwa na kazi, na aliniambia mikono yake anaijua.

Tulitoa nakala nne, tukazipeleka kwenye kamati. Mwaka ule maji yalikuwa yamepungua bwawani Mtera na umeme ulikuwa wa mgao, leo mtaa huu, kesho ule. Kamati ikipanga kutazama Jumanne, umeme unakatika Jumanne, basi kanda inapelekwa kwa shemeji yake mtu ambako umeme upo. Huko nako anaona jirani, anaiomba kwa siku moja. Nilifurahi sana. Nilimwambia mwenzangu kwamba kanda inatutembelea nyumba kwa nyumba bila sisi kuchoka miguu. Tulipata kazi mbili za watu wa ofisini mfululizo, na kamati kubwa kuliko zote, ya familia moja ya Kondoa iliyokuwa inamwoza binti yao kwa mtumishi wa Bunge, ikatukubali kwa harusi ya watu mia tatu.

Halafu pakawa kimya. Siku za kwanza nilidhani ni msimu. Kamati moja ikatuambia imeahirisha, nyingine ikasema ndugu wameamua kupika wenyewe. Hakuna aliyesema neno baya. Watu wetu wa Dodoma ni wapole kwa namna inayoweza kukuua: wanakupokea, wanakupa chai, wanakuuliza watoto, na unatoka hujui kwamba umefukuzwa. Mwisho wakaja wazee wawili wa ile familia ya Kondoa, wamevaa kanzu safi, wakaniambia kwa masikitiko kwamba wameona jambo letu lisubiri kwanza. Niliuliza lisubiri nini. Wakatazamana, wakasema, "Lisubiri tu, mama."

Mwenzangu ndiye aliyeletewa ukweli, na aliletewa vibaya. Alikwenda kusaidia kupika kwenye hitima ya jamaa zake, Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma. Sahani alizopakua yeye zikarudi kama zilivyokwenda. Wifi yake akamvuta pembeni ya jiko akamuuliza mbele ya wanawake wengine, "Miaka yote hii ulikuwa unatulisha kichinjo cha nani?" Alikuwa hajui hata anaulizwa nini. Wakamwambia akaitazame kanda yake.

Alikuja kwangu mchana huo huo, bado ananuka moshi. Kwa bahati siku ile umeme ulikuwepo. Nikawasha deki, tukakaa wawili kwenye kochi. Kanda ilipofika kwa mume wangu na kisu chake, akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Mara ya tatu akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona. Sijui niseme vipi. Kitu nilichokitazama mara kumi nilikiona kwa mara ya kwanza, na nilikiona kwa macho ya mtu asiyetujua, aliyekaa sebuleni kwake na chai yake, akimtazama mwalimu wa kwaya akichinja mbuzi wa harusi watakaoliwa na kila mgeni. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mwenzangu alianza kulia. Alisema hakuna nyumba ya ndugu zake atakayoweza kuingia, kwamba watu wake wanaona amewachezea dini yao kwa ajili ya biashara, kwamba hata mama yake huko Kondoa atasikia. Na mimi, badala ya kumshika mkono, nilipandwa na hasira. Hasira yangu haijawahi kuchagua mlango. Nilikuwa najionea aibu mwenyewe, na nikaitupa kwake.

"Wangeuliza!" nikasema. "Kuuliza kuna ugumu gani? Lakini watu wenu ndivyo mlivyo, mnatafuta sababu tu."

Aliacha kulia pale pale. Akajifunga khanga vizuri, akasema, "Watu wetu," kama anayeonja chumvi, akatoka. Kwa wiki mbili zilizofuata tulisalimiana kwa sababu nyumba zinaangaliana, basi.

Fundi nilipomweleza alijishika kichwa. Alikuwa ameizima kamera kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyotuponza. Akataka kuirekebisha bila malipo, aandike maneno pale katikati, kwamba mchinjaji ni fulani. Nikamwambia waliokwisha kuiona hawataitazama tena kusoma maneno. Mtu akishajua jambo hakai kulitazama mara ya pili. Akasema basi mzee mwenyewe akubali kurekodiwa akichinja, tuisambaze kanda mpya kwa nguvu kuliko ya kwanza. Hilo niliona lina maana.

Mvua zilikuwa zimeanza, mjomba amesharudi kwao. Nilipanda basi la Kondoa peke yangu, nikashuka nimejaa vumbi na matope vyote kwa pamoja, nikaelekezwa kupanda kilima. Nilimkuta shambani anapalilia mahindi. "Mbukwa!" akaniita kwa mbali.

Nilimweleza yote isipokuwa maneno yangu kwa mwenzangu. Aliegemea jembe akasikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo kwenye hiyo kanda mimi simo?"

"Humo, mjomba."

"Na mimi ndiye niliyemwambia azime."

"Ndiyo."

Nikamwomba. Nilimbembeleza kama mtoto anavyobembeleza. Nilimwambia ni dakika moja tu, hata uso tusiuonyeshe, tuonyeshe mikono. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, jambo hili nimelikataa tangu nikiwa kijana. Nikilikubali leo kwa sababu ya biashara, basi miaka yote ile nilikuwa nacheza." Nilikasirika hata kwake, Mungu anisamehe. Nilimwambia basi jina la mpwa wake litaoza kwa ajili ya picha moja. Aliinama akang'oa gugu moja karibu na mguu wake, halafu akauliza:

"Imepita nyumba ngapi?"

"Nini?"

"Hiyo kanda. Imeingia nyumba ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Kamati, mashemeji, waliokuwa na umeme siku ambayo wenzao hawana. Nilipata kumi na nne ninazozijua. Akasema kumi na nne si nyingi. Akakung'uta jembe, akamwita mwanawe amalizie mstari ule, akaenda kuoga.

Tulirudi Dodoma, tukazunguka siku tatu. Yeye alilala kwa mwenzangu, na mimi asubuhi nilimsubiri njiani. Alikuwa na miaka sabini na kitu na hakutaka kupanda gari, alisema nyumba hukutwa kwa miguu. Tulipita mitaa ya Airport, Chang'ombe, Makole, hadi Kikuyu. Anapiga hodi, anatoa salamu, anakaa pale anapoonyeshwa, anauliza afya ya wenye nyumba, wala hana haraka. Halafu anasema, "Nimesikia mmeona kanda ya mapishi. Wale mbuzi nilichinja mimi. Fundi alizima mashine kwa sababu nilimwomba. Yule bwana alikuwa anachuna." Ni hayo tu. Kila nyumba maneno hayo hayo, hakuongeza wala kupunguza, na mimi nimekaa karibu na mlango nimefunga mdomo kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nyumba nyingine walikimbia kuficha aibu, wakasema wao hawakuamini hata siku moja, wakaita watoto waje kumwamkia. Kwenye nyumba moja kijana wa chuo alimwambia, "Sasa mzee si ungekubali tu kurekodiwa, uone ilivyo rahisi?" Mjomba akacheka, akamwambia si amekuja mwenyewe, anataka na picha ya nini. Kwa wifi wa mwenzangu ndipo palipokuwa pagumu. Yule mama alimtaka aape. Mjomba akasema, "Sikuja kuapa, nimekuja kusema. Unanijua tangu unanyonya." Kisha yule mama akaingia ndani, akatoka na chai ya maziwa, akampa kwa mikono miwili. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya ile familia yenye harusi. Wale wazee wawili walimsikiliza hadi mwisho, wakaomba radhi, na mmoja akageuka kwangu akaniuliza kama Jumamosi ya wiki ijayo bado tuna nafasi.

Nilitoka pale nikitembea kwa furaha hata viatu sivisikii. Nilikuwa nimeokoka. Nilimwambia mjomba twende kwangu akapumzike, nimchinjie, yaani achinje mwenyewe, kuku mnene kuliko wote. Nilizungumza njia nzima kufidia siku tatu za ububu.

"Imebaki nyumba moja," akasema.

Nikarudia kuhesabu. Nikamwambia zimekwisha, zote kumi na nne. Tulipofika mtaani kwetu alipita lango langu bila kugeuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa mwenzangu, akavua kubazi, akasimama pembeni ya mlango kunipisha nitangulie.

"Hapa kanda haikufika, mjomba," nikasema. Nilijua ninachosema ni upuuzi hata kabla sijamaliza.

"Kanda haikufika," akasema. "Wewe ulifika."

Kumbe alikuwa ameambiwa tangu usiku wa kwanza. Siku tatu alikuwa ananitembeza mji mzima akijua, na hakunionyesha hata kwa jicho. Amezunguka nyumba kumi na nne kwa kosa ambalo halikuwa lake, kwa miguu ile, na mimi mwenye kosa nilikuwa sijapiga hodi nyumba ya jirani.

Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, magunia mawili ya mchele pembeni yake. Habari ya Jumamosi ilikuwa imemfikia kabla yetu, maana wale wazee walishamtuma kijana wa baiskeli kuleta mchele. Hakusimama. Mjomba akaketi kwenye kigoda, akaomba maji, akayanywa taratibu huku akitazama ukutani, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Nilitafuta maneno. Mimi, niliyesifiwa mdomo. Nilitaka kueleza kwamba ilikuwa hasira, kwamba nilichanganyikiwa, kwamba kila mtu alikuwa amechanganyikiwa, na nikaona kila ninachotaka kusema kinaanza na kujitetea. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Nilisema neno baya," nikamwambia. "Nilikutenga na mimi. Ulikuwa unalia na mimi nikakutenga. Nisamehe."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nimepika na wewe miaka mitano," akasema. "Sikuwahi kujua kwamba mimi nina watu wangu na wewe una wako. Nilijua siku ile, sebuleni kwako."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Sema kwa nguvu. Mjomba hasikii vizuri siku hizi."

Mjomba alikuwa anasikia hata mchwa ukutani. Nikarudia kwa nguvu, na mzee akaitikia kutoka kwenye kigoda chake kwamba amesikia, Alhamdulillahi.

Mwenzangu akachukua ungo wa pili uliokuwa nyuma yake, akaujaza mchele, akaniwekea mapajani. "Watu mia tatu," akasema, "na mawe yamejaa." Nikainama nikaanza kuchambua, na machozi niliyoyazuia tangu shambani kwa mjomba yakanishinda, yakawa yanadondoka bila kuniomba ruhusa. Alinitazama kidogo. Halafu akanipiga begani kwa mkono wenye vumbi la mchele na kunikemea kwamba nalowesha mchele wa watu.